Okito Séraphin, Aliyezikwa Mara Mbili Mikelenge

Marehemu Okito Onema Séraphin alifariki mwaka 2001. Hapana. Mwaka 2001 ni ule wa kilio cha kwanza. Kufa, amekufa mwaka huu wa 2025, tarehe 14 Machi, saa nne ya asubuhi, hapa Kindu, nyumbani. Mwenye kuandika anaomba radhi kwa kuanza vibaya. Angeweza kuchukua karatasi nyingine, lakini kosa hilo limekaa mkononi mwake miaka mingi, afadhali familia ilione lilivyo.

Anayeandika ni mukubwa wake, yaani kaka yake, Louis, fundi cherehani. Naomie, binti wa kwanza wa marehemu, alimkataza kuandika "mimi".

"Baba mukubwa, mu wasifu hamuna mimi. Weka tarehe, weka masomo, weka kazi. Kurasa mbili, imeisha."

Kwa hiyo humu Louis ataitwa Louis tu, kama mtu mwingine yeyote. Kurasa zitapita mbili, Naomie avumilie.

Marehemu alizaliwa Tunda, katika Kibombo, tarehe 9 Agosti 1961, mtoto wa nne wa mzee Onema, mkulima wa mpunga, na mama Safi. Baba alisali kanisani, mama alisali msikitini, na watoto walikula sikukuu za pande zote mbili bila mtu wa Tunda kushangaa. Louis alikuwa na miaka minane. Mama alipoanza tena kwenda shambani, alimfunga mtoto mgongoni kwa Louis, akamwambia asimshushe chini mpaka jua ligeuke. Kwa hiyo mgongo wa kwanza ambao marehemu aliujua baada ya ule wa mama yake ni huo.

Mambo ya utotoni ni mengi, tuseme moja. Baba alikuwa na kinga, yaani baiskeli, na mpira wake ulikuwa unatoboka kila wiki. Watu wengine huzamisha mpira ndani ya beseni wakatafuta povu. Séraphin hakutaka maji. Aliupitisha mpira polepole karibu na shavu, macho amefumba, kisha anasema, "Hapa." Baba anatazama, haoni kitu. "Hapa, papa, hewa inanigusa." Na tundu liko pale pale, dogo kama jicho la sisimizi. Baba alikuwa akiwaambia wageni kwamba mtoto huyu hatapata taabu ya kazi. Hakukosea sana.

Alisoma shule ya msingi Tunda toka 1967 mpaka 1973. Mwaka uliofuata alikuja Kindu kwa mukubwa wake, ambaye shule ilimshinda darasa la tano na alikuwa amekwisha kupata mashine ya kushona. Waliishi chumba kimoja. Louis alimshonea suruali zote za shule, na kwa kuwa mtoto alikuwa anarefuka kama muhindi shambani, alimpima kila baada ya miezi mitatu. Vipimo vya marehemu Louis anavijua kwa kichwa mpaka leo. Mwaka 1980 Séraphin alipata cheti cha kuchomelea vyuma, na mwaka 1981, mwezi wa saba, aliingia atelie, karakana ya reli. Huko walimpa mabehewa ya mafuta, kuziba nyufa zake, juu ya subira yake ya kuzikagua moja moja kwa shavu na sikio kabla ya kuwasha moto. Katika miaka kumi na saba hakuna behewa lake lililovuja.

Alioa tarehe 17 Desemba 1988. Bibi yake ni Émilienne, binti wa muuguzi wa Kampene. Siku ya kujitambulisha alifika kwa wakwe na mbabula mbili za chuma, yaani majiko ya makaa, alizozichomelea mwenyewe, moja kila mkono, nguo nyeupe imejaa kutu. Baba ya Émilienne akauliza watu waliomsindikiza, "Huyu anatafuta bibi ao anauza mbabula?" Séraphin akajibu, "Mbabula njo barua yangu, baba. Mie sijui kuandika vizuri." Walicheka, wakampa. Mungu aliwapa Naomie mwaka 1990 na Axel mwaka 1994.

Vita viliingia Kindu Oktoba 1998. Treni zilisimama, chumvi ikapotea, watu wakaogopa hata kuvuka mto. Tarehe 22 Mei 1999 wafanyakazi saba wa reli walipelekwa upande wa Kibombo kutengeneza njia. Siku ya pili walipigwa risasi. Miili mitatu ilirudishwa. Mmoja alirudi na jeraha, akasema alimuona Séraphin akiingia mtoni na hakumuona akitoka. Wengine hawakujulikana. Na wale wasiojulikana, askari wa wakati huo walisema wamejiunga na watu wa porini, kwa hiyo hata kuuliza ilikuwa hatari.

Familia ilingoja miezi ishirini. Kwetu, na wengi hapa wanajua, mtu aliyekufa bila mwili kupatikana haachwi hivyo hivyo. Mjane hawezi kuoga maji ya kumaliza kilio, watoto hawanyolewi, jina haliwezi kupewa mjukuu. Kunakatwa mgomba wa urefu wake, unafungwa ndani ya sanda, unaliliwa na kuzikwa kama mtu. Wazee walikaa mwanzo wa Januari 2001, wakachagua tarehe 3 Februari. Kukata mgomba na kushona sanda walimpa Louis, kwa sababu ya vile vipimo. Katika kikao hicho hicho walisema kwamba kilio kikiisha, Louis, ambaye bibi yake Falone alikufa mwaka 1996, amchukue Émilienne nyumbani kwake ili watoto wasitawanyike. Louis alisema atafuata neno la wazee. Alilisema akitazama chini, watu wakadhani ni huzuni.

Ukweli ni kwamba toka mwisho wa mwaka 2000 Émilienne alikuwa anakuja kusaga mihogo uani kwa Louis, juu ya kinu chake kupasuka. Siku moja Louis alimsimulia habari ya mteja aliyeshonewa suruali ya miguu yote ya kushoto, na Émilienne akacheka, mara ya kwanza katika mwaka na nusu. Baada ya hapo Louis alianza kusimamisha mashine kila aliposikia mlango wa uani. Haya si mambo ya kuandikwa katika wasifu wa mtu mwingine, lakini bila haya yanayofuata hayaeleweki.

Tarehe 24 Januari 2001, siku kumi kabla ya kilio, alifika dukani kwa Louis mfanyabiashara mmoja wa Butembo, Destin, aliyekuwa akileta chumvi na samaki wakavu kwa ndege ndogo. Alisimama mlangoni.

"Mzee, wewe njo fundi Louis? Uko na mudogo anaitwa Séraphin, sudere wa vyuma?"

"Nilikuwa naye."

"Ulikuwa naye namna gani? Nilimuacha Uvira, hata wiki mbili hazijapita. Anachomelea maboti pale bandarini. Anakohoa kidogo, lakini kwa sahani ananishinda. Amesema: ukifika Kindu mutafute yaya, mukubwa wangu Louis, umuambie niko muzima, anipe habari ya Émilienne na watoto."

Mashine ilinyamaza. Louis aliuliza kama kuna barua.

"Barua! Mzee, pale kiwanjani wanapekua mpaka soksi. Wakute barua ya mutu aliyepotea ku reli, mie nitalala wapi?"

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Nimeshuka sasa hivi."

"Usiambie mutu."

"Hata bibi yake?"

"Yeye zaidi. Mie mwenyewe njo nitamuambia."

Destin alimtazama Louis kidogo, kisha akatazama kitambaa cheupe kilichokuwa chini ya sindano. Akauliza, "Basi nikimuona, nimujibu nini?"

Louis alifikiri. Angeweza kusema maneno mengi. Alisema, "Mwambie nimesikia."

Destin alipoondoka, Louis aliweka mguu kwenye mashine akaendelea na mshono, kwa sababu kile kitambaa cheupe kilikuwa ndiyo sanda. Alijiambia kwamba habari ikitoka, askari watasema kweli yuko porini, watachoma nyumba. Alijiambia kwamba Destin anaweza kuwa amemfananisha. Alijiambia kwamba Émilienne amelia vya kutosha, asipewe tumaini la kupotea tena. Sababu hizo zote zilikuwa za kweli, na hakuna hata moja kati yake iliyomfanya anyamaze.

Tarehe 3 Februari walizika mgomba pale makaburini Mikelenge, mita moja na sentimita sabini na nane. Émilienne aliukumbatia, akakataa kuuachia. Axel, miaka sita, aliuliza kwa nini papa hana miguu. Louis alitupa udongo wa kwanza, kama mukubwa, na watu walisifu namna alivyojikaza. Mwezi wa saba Émilienne aliingia nyumbani kwake. Mwaka 2003 walipata Daniella, ambaye hana kosa katika hili na asijione nalo.

Sasa turudi kwa marehemu, kwani wasifu ni wake. Pale mtoni alishikilia gogo mpaka risasi ziliponyamaza, akatembea mwituni mpaka Kampene, toka Kampene hatua kwa hatua mpaka Uvira. Uvira alikaa mpaka Machi 2003, akavuka ziwa kwenda Kigoma. Katika kambi ya wakimbizi huko Tanzania alikaa miaka mitano na nusu, akifundisha vijana kuchomelea. Septemba 2008 alipokewa Kanada.

Tarehe 11 Juni 2009 simu ya Louis ililia, namba ndefu.

"Yaya? Njo mie."

Louis alikaa chini, sakafuni, ijapokuwa kiti kilikuwa karibu.

"Séraphin?"

"Njo mie, yaya. Usilie, simu ni ya kuazima. Émilienne iko?"

"Iko."

"Watoto?"

"Wako. Naomie anamaliza shule." Kisha akasema, "Séraphin, Émilienne yuko kwangu. Wazee walisema. Tuko na mutoto."

Ndani ya simu Louis alisikia mtu wa huko akicheka mbali, kwa jambo lake mwenyewe.

"Jina lake nani?"

"Daniella."

"Jina nzuri," akasema Séraphin. "Salimia wote." Na simu ikakatika.

Toka siku hiyo kila mtu alijua kwamba marehemu hakuwa marehemu. Watu walicheza, walikuja kumgusa Louis mabega, wakasema Mungu ni mukubwa, mlizika mgomba bila kujua. Louis alijibu, "Bila kujua." Alilisema neno hilo mara nyingi sana mwaka ule, mpaka mdomo wake ukalizoea.

Kazi ya mwisho ya marehemu, ambayo aliipenda kuliko zote, ilikuwa kuweka gesi ndani ya ardhi. Aliianza mwaka 2010, kusini mwa jimbo la Ontario, penye mashamba ya mahindi. Zamani chini ya mashamba hayo kulikuwa na gesi. Watu wa huko waliivuta miaka na miaka mpaka ikaisha, wakaenda zao. Kampuni yake ilirudi pale pale palipoisha. Wakati wa joto, ambapo hakuna anayewasha moto wa kupasha nyumba, wanasukuma gesi chini ikae; baridi ikija, wanaitoa. Hayo aliyaeleza hapa Kindu mwaka 2014, mwezi wa nane, alipokuja kwa ndoa ya Naomie na Abdoul. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi. Alifikia kwa Louis, kwani ndiyo nyumba ya watoto wake. Émilienne alimwekea sahani, naye alisema, "Asante, shemeji," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyejifunza neno hilo njiani. Louis aliangalia wali wake mpaka ukapoa.

Baada ya kula, Louis alitaka kusema neno lolote, akasema, "Kumbe munajaza pango."

"Si pango, yaya. Watu wote wanafikiri pango. Ni jiwe."

"Jiwe litashika gesi namna gani?"

Séraphin akaenda uani, akarudi na tofali la kuchoma, akalizamisha ndani ya beseni la Émilienne la kuoshea vyombo. Povu likapanda, chwee, chwee. "Munaona? Lilikuwa na hewa ndani, sasa linakunywa maji. Jiwe la kule liko namna hii, mita mia sita chini. Na juu yake," akafunika kwa sahani, "kuna jiwe lingine lisilokunywa. Njo kifuniko."

"Beseni langu, shemeji," Émilienne akasema. "Utalisafisha mwenyewe."

"Nitalisafisha. Sikiliza kwanza. Kuna gesi tunaingiza ambayo hatuitoi hata siku moja. Inabaki chini, inasukuma ile nyingine ipande. Ukitoa yote, maji yanaingia, pahali panakufa."

Émilienne alikuwa anafuta meza. Alisimamisha mkono. "Hiyo inayobaki chini, haina mwenyewe?"

"Mwenyewe iko, shemeji. Haiombi tu."

Alifuta meza tena, pale pale alipokuwa amekwisha kufuta.

Kisha Séraphin alisimulia habari ambayo wengi wenu mliisikia, maana aliipenda. Kabla ya kujaza, ni lazima kutafuta kila kisima cha gesi cha watu wa zamani, kwa sababu kisima kimoja kilichosahauliwa kinatosha kuvujisha yote. Karatasi za kampuni zilisema viko kumi na kimoja na vyote vimezibwa. Wakubwa wakasema kazi iendelee. Séraphin hakuridhika. Alikwenda kwa mzee mmoja mzungu mwenye shamba, miaka tisini, akaketi naye mbele ya nyumba. Hakumuuliza visima viko wapi. Alimuuliza kama mtu wa Tunda angeuliza: "Mzee, ulipokuwa mutoto, baba yako alikukataza kucheza wapi?"

Mzee akainua fimbo, akaonyesha nyuma ya ghala. Walichimba, wakakuta bomba, na kizibo chake kilikuwa kipande cha mti.

"Mti, yaya! Miaka makumi nane, na kwenye karatasi imeandikwa kimezibwa."

"Na kama hamungekipata?" Abdoul akauliza.

"Gesi ingekitafuta yenyewe. Ingepanda polepole, mpaka jikoni kwa yule mzee, siku yoyote anawasha moto wa kahawa."

Wote walicheka. Louis aliinuka kwenda kuangalia kama mlango wa uani umefungwa. Ilikuwa saa saba ya mchana, na mlango ule hufungwa jioni. Mwezi mzima wa ziara hiyo aliamka kila asubuhi na neno moja mdomoni, na kila jioni alilala nalo. Alimsindikiza mgeni mpaka kiwanja cha ndege, akambebea sanduku, akamkumbatia, akasema, "Utupigie ukifika."

Kikohozi kile cha Uvira hakikumwacha marehemu. Moshi wa vyuma wa miaka arobaini ulikuwa umegandisha mapafu yake. Aliacha kazi mwaka 2022, akatibiwa miaka miwili, na madaktari walipomwambia hakuna zaidi, alisema basi anarudi Kindu. Alishuka kwenye ndege ya Kinshasa tarehe 5 Oktoba 2024, juu ya kiti cha magurudumu, akimtania aliyemsukuma kwamba breki ni mbovu. Alilala chumba cha mbele. Émilienne alimpikia, Daniella alimsomea habari za simu, Louis alimuosha na kumnyoa. Uzito wake ulikuwa umerudi karibu na ule wa mgongoni.

Mwezi wa pili wa mwaka huu aliuliza, "Yaya, kaburi langu lingali?"

"Lingali."

"Ndani kuna nini?"

"Ule mgomba."

"Umeoza."

"Umeoza, sasa miaka mingi."

"Basi munitie mule mule. Pahali palipotumika na pakaisha, mutu anajua tabia yake. Mie nimefanya kazi hiyo." Akacheka mpaka akakosa pumzi, na Émilienne akaja mbio na mto, akasema, "Louis, usimuchekeshe!"

Jana asubuhi mchimba kaburi Aboubakar na vijana wake walifungua kaburi hilo pale Mikelenge. Walichimba mpaka kiuno, kisha Aboubakar akaita, "Mzee Louis, humu hamuna mutu!" Louis akamjibu kwamba anajua. "Kuna kipande cha kitambaa tu," akasema Aboubakar, akakinyoosha juu. Kitambaa kilikuwa kimeoza, mshono ulikuwa mzima. Louis alikuwa ametumia uzi mara mbili.

Karatasi hii, kabla ya kupelekwa kwa mchapaji, Louis alimpa Émilienne kwanza. Mambo ya tarehe 24 Januari alikuwa hayajui, ao Louis alidhani hayajui. Alisoma jikoni, amesimama, ukurasa kwa ukurasa, bila kuruka. Alipomaliza aliikunja kama ilivyokuwa. "Tarehe ya ndoa ni kumi na saba," akasema. "Umeandika kumi na nane." Imesahihishwa. Naomie naye amesoma. Ametaka nusu iondolewe, akalia, kisha akasema iachwe. Toka hapo hajamwita Louis baba mukubwa, anasema "mzee". Ni haki yake.

Marehemu ameacha watoto wawili: Naomie na mume wake Abdoul, wa hapa Kindu, na Axel, wa Lubumbashi, ambaye ndege yake imefika jana. Ameacha wajukuu watatu, na mmoja sasa anaweza kupewa jina lake bila wasiwasi. Ameacha Daniella, aliyemwita papa kwa miezi mitano. Ameacha mukubwa mmoja, Louis. Naomie aliuliza mama yake aandikwe wapi na aitwe nani katika orodha hii, mjane ao shemeji. Alijibu, "Wekeni jina." Ameacha Émilienne.

Ardhi ya Mikelenge imshike vizuri safari hii, naye apate amani ambayo hatukumpa alipokuwa hai.

Limebaki jambo moja. Tarehe 12 Machi, siku mbili kabla ya kufa kwake, Louis alikuwa anamnyoa ndevu karibu na dirisha, jua likiwa zuri. Mikono ilikuwa na kazi, macho yalikuwa na kazi, na labda kwa sababu hiyo neno lilitoka.

"Séraphin, Destin alinikuta. Mwaka ule. Siku kumi mbele ya kilio."

"Angalia usinikate."

"Nilijua uko muzima. Nilijua, nikashona sanda."

"Ninajua, yaya. Destin alirudi Uvira mwezi wa pili. Akaniambia: mukubwa wako anasema amesikia."

Wembe ulisimama hewani. "Miaka makumi mbili na ine ulijua?"

"Nilijua."

"Ukakula kwangu? Ukalala kwangu? Ukamuita shemeji?"

"Maliza upande huu," akasema Séraphin. "Sabuni inakauka."

Louis alimaliza upande ule. Akaosha wembe, akaufuta. Alikuwa anahesabu: Destin alirudi Uvira Februari 2001, na mdogo wake alivuka ziwa Machi 2003. Miaka miwili na zaidi alikaa pale pale, bandari ile ile, mahali ambapo kila mfanyabiashara wa Kindu angempata kwa kuuliza mara moja. Ndipo Louis alipomuuliza swali. Séraphin alipitisha kiganja juu ya shavu, akasema, "Umenyoa vizuri," akageukia ukuta akalala, na kesho yake sauti ilikuwa imekwisha. Destin alikufa Bukavu mwaka 2012. Émilienne ameulizwa juzi, akaendelea kukunja nguo. Basi Louis analileta hapa mbele ya kaburi, kwenu nyote mliomjua marehemu, labda kuna mtu aliyeambiwa:

Mudogo wangu, ile miaka miwili ya Uvira, ulikuwa umetuachia nyumba yako, ao ulikuwa unatungoja tuje kukuchukua?